Nusu eka ya viazi kwa ajili ya tarumbeta: kisa cha wanafunzi na kikundi chao cha muziki

Kisa hiki kilitokea kwenye kata moja ya milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Majina ya watu, shule, kijiji na kikundi nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyabadilisha. Hesabu za fedha ni zilezile za kwenye daftari. Nilikuwa mmoja wa walezi wawili wa kikundi, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayotajwa hapa ni yangu.

Usuli

Kikundi kilianza kama mazoezi ya Jumamosi ya watoto wasiofika kumi. Aliyewafundisha ni mzee mmoja mstaafu, mpiga tarumbeta wa kanisani tangu ujana wake. Pande hizi tarumbeta si kitu kigeni. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao lina mapokeo ya kale ya kupuliza tarumbeta kwenye ibada, kwenye mazishi na alfajiri ya Pasaka. Mtoto wa huku huijua sauti ya tarumbeta kabla hajalijua gitaa. Hata hivyo kikundi hakikuwa cha kanisa lolote. Waliingia watoto wa madhehebu yote, Waislamu wakiwemo, na mzee alikuwa akisema pumzi haina dhehebu.

Hadi mwaka wa kisa hiki kulikuwa na watoto na vijana 43 wa umri wa miaka 9 hadi 19, wengi wao wanafunzi wa shule ya msingi na sekondari ya kata. Vyombo vilikuwa tarumbeta saba za mitumba, ngoma tano, magitaa matatu, kibodi moja na spika mbili. Walifanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la pareto, mali ya chama cha ushirika, ambalo tulipewa kwa maneno ya mdomo. Hapakuwa na orodha ya vyombo, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, kwa mtu mmoja.

Paa lilipoondoka

Ijumaa moja ya Februari, jioni, upepo ulikuja pamoja na mvua ya mawe ukaezua mabati 14 ya upande wa mashariki. Mwenye ufunguo alikuwa mjini Mbeya msibani. Watu waliona paa limekwenda, lakini hakuna aliyethubutu kuvunja kufuli la ushirika. Mvua ikanyesha Jumamosi, ikanyesha na Jumapili. Mlango ulifunguliwa Jumatatu asubuhi, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Kilichofuata nakieleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo tulipopoteza vyombo ambavyo mvua ilikuwa haijaviua. Kibodi niliifuta kwa kitambaa nikaianika siku moja. Jumanne nikaichomeka kwenye umeme nione kama imepona. Ilitoa harufu ya kuungua na kuzima moja kwa moja. Maji yalikuwa bado ndani. Ilipaswa kufunguliwa na kukaushwa siku kadhaa kabla ya kukaribia soketi. Magitaa tuliyaweka juani. Mbao iliyovimba kwa maji ikikaushwa ghafla hupasuka, na gundi huachia. Tungelegeza nyuzi na kuyaacha kivulini penye hewa, huenda mawili yangepona. Badala yake yote matatu yalifunguka kama kitabu kilicholowa.

Ngoma tatu ngozi zilioza. Mbili mzee alizivua, akazinyoosha upya na kuzikausha polepole pembeni mwa jiko, zikarudi. Tarumbeta zilivumilia zaidi, maana ni mchanganyiko wa shaba na zinki na hazioti kutu kama chuma. Lakini springi za ndani ya pistoni ni za chuma, na tope lilikuwa limeingia. Tatu zilifanya kazi baada ya kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha kutiwa mafuta. Nne zilikwama.

Mazoezi yakasimama kwa wiki saba. Vijana wakubwa watatu waliingia kwenye bodaboda. Mzee aliacha kuja, hakusema kitu, na sisi walezi hatukwenda kumwona kwa karibu mwezi mzima.

Jaribio la kwanza: mchango wa darasani

Wazo la kwanza lilitoka kwa watu wazima. Kila mwanafunzi wa shule zote mbili alete shilingi 1,000, awe mwanakikundi au asiwe. Tulisema ni hiari. Lakini majina yalisomwa darasani kila asubuhi, aliyeleta akiwekewa alama ya vema na asiyeleta akiachwa wazi. Kwa mtoto, hiari inayosomwa kwa sauti mbele ya wenzake ni lazima.

Siku ya nne mtoto mmoja wa darasa la tano hakuja shule, na ya tano pia. Nilikwenda kwao. Bibi yake alinikaribisha, akanipa kigoda, akasema taratibu: "Elfu moja ninayo, mwalimu. Ila ndiyo ya chumvi na sabuni. Mtoto ameona haya kuja mikono mitupu." Nilimwomba radhi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na serikali imekataza mara nyingi mtoto kuzuiwa masomo kwa sababu ya mchango. Sisi hatukumzuia kwa mdomo. Tulimzuia kwa karatasi ya majina.

Mkuu wa shule ya sekondari alisimamisha mchango kesho yake na kuagiza kila shilingi irudishwe. Zilikuwa shilingi 118,000. Baadhi ya walimu waliona ni hasara, wakapendekeza waliokwisha kutoa waachwe. Mkuu alikataa. Alisema fedha iliyopatikana kwa kumwaibisha mtoto haiwezi kununua ngoma ya watoto. Nilikuwa upande wa waliotaka kuiacha. Leo naona kwamba pasipo kuirudisha, hakuna mzazi ambaye angetuamini kwenye hatua iliyofuata.

Nusu eka

Wiki moja baadaye alikuja binti wa kidato cha pili, mpiga tarumbeta, pamoja na wenzake wanne na daftari. Nitamwita Katibu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mwisho.

"Shikamoo mwalimu. Tumehesabu. Mchango umeshindikana kwa sababu hela ni ya mzazi. Tukilima, hela itakuwa yetu."

Mpango wao ulikuwa wa viazi mviringo. Baba wa mmoja wao alikuwa na nusu eka iliyokaa bila kulimwa. Alikubali kuitoa kwa msimu mmoja, na kukopesha mbegu gunia nne ambazo zingerudishwa gunia kwa gunia baada ya mavuno. Jumamosi ya mazoezi ingekuwa Jumamosi ya shamba.

Tuliweka masharti kabla ya kukubali. Asiyetaka kulima asilime, na asiulizwe. Watoto wadogo wasibebe gunia wala wasiguse dawa, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena isiyomdhuru mtoto wala kumtoa kwenye masomo. Walio chini ya umri huo wangekuja na mzazi au ndugu mkubwa na kufanya yale wanayoyafanya kwenye bustani ya nyumbani. Saa nne asubuhi tu hadi saa saba mchana. Na daftari la mapato na matumizi lishikwe na wanafunzi, mlezi akiweka sahihi kila ukurasa.

Sharti la mwisho lilileta ubishi mkubwa kwenye kikao cha wazazi. Wengine waliona si heshima mtoto kushika hesabu ambazo mtu mzima anakaguliwa. Aliyemaliza ubishi ni yule bibi wa mtoto wa darasa la tano. Alisema mjukuu wake ndiye humhesabia chenji sokoni na hajawahi kumpunja.

Walipanda wiki ya kwanza ya Aprili. Jumamosi ya pili wajumbe wawili walitumwa kwa mzee, si kumwomba alime, kumwomba aje akae. Alikuja na kibuyu. Mzee ni mtu wa kando ya Ziwa Nyasa, ambako wacheza ngoma ya mganda hupuliza vibuyu vilivyotobolewa na kuwambwa utando mwembamba, wakiiga matarumbeta ya bendi za kijeshi za wakati wa ukoloni. Aliwafundisha kutengeneza. Utando wa buibui haukupatikana wa kutosha, wakatumia karatasi laini ya nailoni. Kufikia Mei shamba lilikuwa na vibuyu 20 na ngoma mbili, na palizi ilikwenda kwa mapigo. Waliosimama njiani kusikiliza walipewa jembe, na baadhi yao walibaki.

Mwishoni mwa Mei baka chelewa, ugonjwa wa viazi, iliingia, kama inavyoingia kila mahali penye ukungu. Wazazi wawili walipiga dawa siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni. Tulipoteza kona moja ya shamba.

Lumbesa

Viazi vilichimbwa katikati ya Julai. Vilikuwa karibu kilo 2,300. Gunia nne zilirudi kwa mwenye mbegu siku hiyohiyo, mbele ya wote.

Dalali alifika na lori kabla hatujamaliza kuchambua. Bei yake ilikuwa shilingi 70,000 kwa gunia. Nilikubali haraka, nikiogopa viazi kulala nje na baridi ya Julai. Magunia yake yalijazwa, yakashonewa kilemba cha wavu juu, yakajazwa tena. Sita yalipokwisha kupakiwa, mvulana wa kidato cha tatu aliomba moja liwekwe kwenye mizani ya muuza mbolea jirani. Lilisoma kilo 130.

Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia hilo. Kila mkulima wa huku analijua, na kila mkulima ameuza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu lori likiondoka hajui lingine litakuja lini. Watoto walipiga hesabu juu ya gunia: kilo 780 kwa shilingi 420,000, chini kidogo ya shilingi 540 kwa kilo. Katibu alinifuata na kuniuliza kwa adabu kama dalali alikuwa amekwisha kulipia yaliyobaki. Hakuwa amelipia. Akaomba yasiuzwe.

Viazi vilivyobaki viliuzwa kwa ndoo za lita 20 kando ya barabara ya Tukuyu, kwa abiria na madereva, Jumamosi mbili na siku za jioni. Kila zamu ilikuwa na mzazi mmoja na wanafunzi wawili wakubwa. Ndoo ilikuwa na kilo 16 hivi na iliuzwa shilingi 11,000. Ziliuzwa ndoo 64, yaani shilingi 704,000, karibu shilingi 690 kwa kilo. Tofauti hiyo ya shilingi 150 kwa kila kilo waliiandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wake peke yake. Vile vidogo vilipikwa.

Onyesho na ahadi

Mwanzoni mwa Agosti, kwa kibali cha ofisi ya kata, walifanya onyesho kwenye uwanja wa shule. Hapakuwa na kiingilio. Walipiga tarumbeta tatu, ngoma mbili na vibuyu vyote, na kwaya mbili za jirani zikaja kuwaunga mkono. Watu walitunza kama kawaida yetu, noti kwenye paji la uso na kwenye beseni. Fedha zilihesabiwa palepale juu ya meza na wanafunzi wawili, mzazi mmoja na mlezi mmoja, kisha kiasi kikatangazwa kwa kipaza sauti kabla mtu yeyote hajaondoka. Kilikuwa shilingi 386,500.

Mgeni mmoja mwenye uwezo alisimama akaahidi shilingi 500,000. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Sisi walezi tuliiandika ahadi kwenye mapato na kupanga kununua gitaa kwa hiyo. Haikuja. Katibu alipiga simu mara mbili kwa niaba ya wenzake, na mara ya pili alikatiwa. Kumwachia mtoto simu ile ilikuwa makosa yetu. Kudai ahadi ya mtu mzima ni kazi ya mtu mzima.

Fedha zilivyotumika

Viazi vilileta shilingi 1,124,000. Mbolea, dawa na magunia vilikula 215,000. Pamoja na onyesho, zilibaki shilingi 1,295,500.

Watoto walitaka vyombo kwanza. Hilo lilieleweka, hakuna anayelima viazi miezi mitatu akiwaza bati. Mzee alisimama kwenye kikao na kusema: "Wajukuu zangu, tarumbeta zikinyeshewa mara ya pili mimi sitakuja tena." Walipiga kura. Paa lilipita kwa kura chache.

Ushirika ulikubali kutoa mbao za kenchi na papi pamoja na fundi. Kikundi kilinunua mabati 14 kwa shilingi 448,000, na misumari na vifungio vya upepo kwa 40,000. Tarumbeta nne zilitengenezwa na fundi wa mjini Mbeya kwa 180,000, nauli ikiwemo. Ngozi tatu za ngoma zilikuwa 60,000. Kabati la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni, lenye kufuli mbili, 150,000. Kibodi ya mtumba, 300,000. Shilingi 117,500 zilibaki kwa mafuta ya pistoni na nauli ya mzee. Magitaa hayakununuliwa.

Matokeo hadi Novemba

Ghala lina paa. Tarumbeta zote saba zinalia, ingawa moja inavuja pumzi kwenye pistoni ya pili. Mzee yupo kila Jumamosi.

Kwenye daftari la mahudhurio kuna watoto 34. Walikuwa 43 kabla ya mvua. Katika hao 34, 12 ni wapya, na wote 12 waliingilia kupitia shamba. Maana yake ni kwamba wa zamani 21 hawakurudi. Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, kwa sababu kwenye mikutano tulikuwa tukisema kikundi kimerudi.

Uchambuzi

Swali ninaloulizwa na walimu wa kata nyingine ni watoto walipataje shilingi milioni moja na laki tatu. Kwangu hilo si swali la maana zaidi. Milioni moja na laki tatu ingeweza kutoka kwa mfadhili mmoja kwa siku moja, na nina hakika tungenunua kibodi mpya, kuiweka chini ya turubai na kuwa na watoto kumi. Kilichokirudisha kikundi ni kwamba muziki ulianza tena mwezi Aprili, kabla ya senti ya kwanza kupatikana. Wiki saba za kimya zilikuwa zimetugharimu zaidi ya mvua. Wa zamani 21 waliopotea, 17 walipotea ndani ya wiki hizo, wakati vyombo vitano vizima, tarumbeta tatu na ngoma mbili, vilikuwa nyumbani kwangu vikisubiri mpango. Tungeweza kupiga ngoma mbili chini ya mti Jumamosi ya kwanza kabisa. Hakuna aliyetuzuia. Tulidhani bila ghala hakuna kikundi.

Daftari mikononi mwa wanafunzi lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia, na sababu yake ni ya kawaida tu: waliokuwa wakiandika ndio waliokuwa wamechimba. Mtu aliyeinama kwenye tuta tangu asubuhi hujua gunia lina viazi vingapi. Mimi sikujua, nikakubali lumbesa. Karatasi ya mapato ilibandikwa dukani kila Jumatatu, na wazazi walioukataa mpango mwanzoni walikuwa wa kwanza kuisoma.

Mchango wa darasani ulishindwa hata kabla ya kusimamishwa. Ulimpima mtoto kwa mfuko wa nyumbani kwao. Shamba lilimpima kwa kufika tu, na yule wa darasa la tano alifika kila Jumamosi akiwa na bibi yake. Sasa ni mpiga ngoma.

Upande wa masomo tulikosea, na hili nalisema kwa uzito. Wanakikundi saba walikuwa darasa la saba, na mtihani wao ni Septemba. Tulipaswa kuwaondoa kwenye zamu tangu Juni. Waliuza viazi hadi mwisho wa Julai kwa sababu walikuwa hodari na sisi tulipenda uhodari wao. Katibu naye alikuwa kidato cha pili, mwaka wa upimaji wa kitaifa, na alama zake za hisabati zilishuka muhula wa kati. Mama yake aliniambia, bila ukali, kwamba binti anahesabu fedha za kikundi hadi saa tano usiku. Kazi ya katibu ilipaswa kuwa ya watu wawili, kwa zamu ya mwezi mmojammoja. Tuliigawa Septemba, baada ya kuambiwa.

Kuhusu kulinda vyombo, leo kuna orodha yenye namba ya kila kimoja, funguo mbili kwa watu wawili wa nyumba tofauti, na ruhusa ya maandishi kwa yeyote kati yao kuvunja kufuli paa au mlango ukiharibika. Ruhusa hiyo ni karatasi nusu ukurasa. Tungekuwa nayo Februari, kibodi na magitaa yangetolewa Ijumaa ileile usiku.

Kilichobaki hakijakaa sawa ni ghala lenyewe. Kikundi kimeweka mabati ya karibu nusu milioni juu ya jengo lisilo lake, na makubaliano na ushirika bado ni ya mdomo. Rasimu ya mkataba wa miaka mitano ipo mezani kwa katibu wa ushirika tangu Septemba. Nimemfuata mara tatu. Wanafunzi wameomba waende wenyewe Jumamosi ijayo baada ya mazoezi, na safari hii nitakwenda nao.